Siti Hupanda na Kushuka, Fremu Hairefuki: Namna ya Kupata Baiskeli ya Milimani Inayokukaa

Baiskeli yangu ya kwanza ya milimani niliinunua mtumba, hapa Arusha, kwa sababu ya rangi yake. Ilikuwa bluu iliyokoza, fremu ya alumini, matairi ya inchi 26, na chini ya siti palikuwa na kibandiko kidogo kilichoandikwa 21. Nikamuuliza muuzaji kama hiyo 21 ni idadi ya gia. Akasema ndiyo. "Kaka, hii ni yako kabisa, siti nakushushia tu." Akaishusha mpaka ikagota, nikapanda, vidole vya miguu vikafika chini, nikalipa.

Ile 21 ilikuwa inchi za fremu. Mtu wa kimo changu, sentimita 172, alihitaji 17 au 18. Kwa miezi minane nilishuka vijia vya migombani chini ya Mlima Meru mikono ikiwa imenyooka kabisa kuufikia usukani, na kila jioni kidole cha mwisho na cha jirani yake vilikuwa na ganzi. Kisha kwenye kona moja yenye changarawe gurudumu la mbele likateleza, nami sikuwa na mkono uliokunjika wa kulirudisha. Nilivunjika mtulinga. Tangu siku hiyo sikubali mtu wangu wa karibu anunue baiskeli kabla hajapimwa, na mwongozo huu ndio utaratibu ninaoufuata. Nitautolea mfano kwa binamu yangu wa kike niliyempima mwezi uliopita, kwa sababu mwili wake unaonyesha vizuri mahali watu wanapokosea.

Pima mwili kwanza

Vipimo vitatu vinatosha. Unahitaji futi kamba, penseli na kitabu chenye jalada gumu. Vua viatu, simama na visigino vikigusa ukuta, mtu akulaze kitabu utosini na kuweka alama. Hicho ni kimo.

Kitabu hichohicho kibane kati ya mapaja, mgongo wake ukiwa juu, kivute mpaka kikukandamize kama siti inavyokukandamiza, kisha upimwe kutoka mgongo wa kitabu mpaka sakafuni. Huo ni urefu wa ndani wa mguu. Usiuchukue kwenye suruali yako, maana suruali haifiki sakafuni na wala haianzi pale siti inapokugusa. Rudia mara tatu. Sentimita moja ya kosa hapa itakuja kukusumbua goti.

Cha tatu ni upana wa mikono, kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja mpaka ya mwingine, ukiwa umeitandaza. Kwa watu wengi hulingana na kimo, au hukaribiana nacho sana.

Binamu yangu alitoka hivi: kimo 163, mguu wa ndani 77, mikono 161. Kwa hiyo ana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi. Yashike haya, tutayarudia.

Fremu: kipimo cha kweli kiko wapi

Namba za 15, 17, 19 na 21 zina historia yake. Baiskeli za milimani tunazozijua leo zilikulia Marin, California. Tarehe 21 Oktoba 1976 vijana wa huko walianza kushindana kuteremka njia ya vumbi iliyoitwa Repack. Jina lilitokana na breki ya nyuma, iliyokuwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu: ilichemka mpaka grisi ikaungua, na habu ikabidi ijazwe grisi upya. Walitumia fremu kuukuu za Schwinn. Mwaka 1977 Joe Breeze akaanza kutengeneza fremu za kazi hiyo hasa. Kupima, hata hivyo, kuliendelea kwa mazoea ya baiskeli za barabarani, yaani urefu wa bomba linaloshika siti, kwa inchi. Kuna na hesabu yake: urefu wa ndani wa mguu kwa sentimita, zidisha kwa 0.226.

Kwa binamu yangu hesabu hiyo inatoa 17.4. Muuzaji yeyote angempa 17, pengine 18, na angeumia kama nilivyoumia mimi.

Sababu ni hii. Kwenye mteremko wa mawe hukai. Unasimama juu ya pedeli, magoti yamekunjika, viwiko viko nje. Vitu viwili tu vinakugusa: pedeli na usukani. Kwa hiyo umbali unaoamua kama utaimudu baiskeli ni ule wa kutoka kwenye kitovu cha pedeli, pale mikono ya pedeli inapozungukia, kwenda mbele mpaka juu ya bomba linaloshika foku, ule uma wa gurudumu la mbele. Watengenezaji huuita richi. Urefu wa bomba la siti haukuambii lolote kuhusu umbali huo, na siti yenyewe unaweza kuipandisha na kuishusha utakavyo. Richi haibadiliki. Ukishanunua, umenunua.

Kwa baiskeli mpya, richi imeandikwa kwenye jedwali la mtengenezaji. Kwa mtumba unaipima mwenyewe, na kazi hiyo haizidi dakika tano. Sogeza baiskeli mpaka gurudumu la mbele, likiwa limenyooka, liguse ukuta, kwenye sakafu iliyo sawa. Mtu aishike wima. Chukua timazi ya muashi, au funga nati kwenye uzi. Ining'inize usawa wa katikati ya bomba la mbele, pale juu kabisa, chini kidogo ya shingo ya usukani (kipande kinachoushika usukani), na uweke alama sakafuni. Ining'inize tena usawa wa katikati ya kitovu cha pedeli, weka alama ya pili. Pima kila alama na ukuta, kisha toa ndogo kwenye kubwa. Kitovu kikiwa sentimita 112.5 kutoka ukutani na bomba la mbele 67.5, richi ni sentimita 45, yaani milimita 450.

Sasa namba ya kutafuta. Makampuni hayakubaliani, lakini kwa baiskeli za vijia zilizotoka miaka ya karibuni, mtu wa 155 hadi 167 huwa anakaa vizuri kwenye richi ya milimita 410 hadi 435. Wa 167 hadi 178 kwenye 440 hadi 460. Wa 178 hadi 188 kwenye 465 hadi 490. Aliyezidi hapo atafute 495 kwenda juu. Mikono ikizidi kimo kwa sentimita nne au tano, sogea upande mrefu wa safu yako. Ikipungua, sogea upande mfupi.

Tahadhari moja kwa wanaonunua mtumba. Fremu za kabla ya mwaka 2012 au hapo karibu zina richi fupi kwa kila saizi, kwa sababu ziliundwa kubeba shingo ndefu ya usukani, milimita 90 hadi 120. Ukikuta fremu ya 17 ya zamani yenye richi ya 400, hiyo si hitilafu. Ila usiifunge shingo ya milimita 40 ukidhani umeifanya ya kisasa. Utajikuta usukani uko tumboni.

Binamu yangu tulimpa fremu ya milimita 425, wanayoiita ndogo. Kimo na mikono vilisema hivyo, na ile hesabu ya mguu tukaiweka pembeni. Miguu mirefu tutaishughulikia kwa siti.

Ukiwa katikati ya saizi mbili, jiulize unapita wapi. Fremu ndefu hutulia kwenye mwendo wa kasi na miteremko mirefu. Fupi hugeuka upesi kwenye kona za karibukaribu kama za vijia vya Lushoto. Mimi huchagua fupi, na sidhani nitabadili. Vyovyote utakavyochagua, simama ukiwa umelipanda bomba la juu katikati ya miguu, na viatu vyako vya kupandia: pabaki walau sentimita tano za hewa. Siku utakayoruka kutoka kwenye siti ghafla utashukuru.

Na kwa mtoto, tafadhali, usimnunulie baiskeli ya milimani kama unavyonunua sare ya shule, kubwa ili akue nayo. Sare kubwa haimwangushi mtu.

Kama hujui bado mwili wako unapenda nini, kodisha kwanza. Nairobi, msituni Karura, kuna baiskeli za kukodi. Naivasha pia, kwa wanaoingia Hell's Gate. Si za hali ya juu, lakini ukipanda ndogo asubuhi na kubwa mchana utajifunza kuliko kusoma majedwali wiki nzima.

Siti

Hapa ndipo miguu inapopewa haki yake. Zidisha urefu wa ndani wa mguu kwa 0.883. Jibu ni umbali kutoka katikati ya kitovu cha pedeli mpaka juu ya siti, ukipima sambamba na nguzo ya siti. Hesabu hii ilivuma kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu. Kwa binamu yangu, 77 mara 0.883 ni sentimita 68.

Hiyo 68 ni mahali pa kuanzia. Ithibitishe kwa kisigino: egemea ukuta, kaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litakunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kisha panda barabarani, mwenzako akiwa nyuma akiangalia mkanda wa suruali yako. Nyonga zikicheza kushoto na kulia, siti iko juu. Ishushe milimita tatu, jaribu tena. Maumivu mbele ya goti mara nyingi yanasema siti iko chini. Maumivu nyuma ya goti yanasema iko juu.

Tazama mkono wa pedeli umeandikwa ngapi upande wa ndani. Wengi ni milimita 170 au 175, na baiskeli mpya zinakuja na 165. Ukibadili kutoka 175 kwenda 165, pandisha siti milimita 10, kwa sababu pedeli imepanda kiasi hichohicho.

Jambo ambalo sitalipita haraka ni mstari ulioandikwa kwenye nguzo ya siti, wa kina cha chini kabisa cha kuingia ndani ya fremu. Mstari ule usionekane nje. Nimeona vijana wengi wenye fremu fupi wakivuta nguzo mpaka ibaki vidole vitatu ndani, na bomba la fremu linapasuka pale juu. Alumini ikipasuka hapo, kuchomelea kwa fundi wa kando ya barabara hakuirudishii nguvu yake, kwa sababu joto limeshaidhoofisha sehemu yote ya jirani. Nunua nguzo ndefu zaidi. Ila usome kipenyo kilichochongwa kwenye nguzo ya zamani: 27.2, 30.9 na 31.6 ndivyo vinavyopatikana zaidi, na tofauti ya sehemu ya milimita tu inatosha nguzo isishike.

Mbele na nyuma: kaa, mikono ya pedeli ikiwa imelala sambamba na ardhi, kisha ile nati yako kwenye uzi iteremke kutoka mbele ya goti la mguu uliotangulia. Uzi upite karibu na eksili ya pedeli. Ukipita mbele sana, rudisha siti nyuma, na kinyume chake. Usisogeze siti kwa ajili ya kuufikia usukani. Siti ni ya miguu, mikono ina dawa yake.

Mlalo wake upime kwa pima maji: sawa, au pua imeinama kidogo sana. Pua ikiinuka utapata ganzi sehemu za siri, na wengi hulinyamazia jambo hilo kwa aibu mpaka linakuwa kubwa. Ikiinama mno, uzito wote unahamia viganjani.

Mteremkoni siti inabidi ishuke. Hata wale wa Marin waliligundua hilo, na miaka ya 1980 Joe Breeze alishirikiana na mwenzake kutengeneza springi ya kupandisha na kushusha siti bila kuteremka kwenye baiskeli. Leo kuna dropa, nguzo inayoshuka kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani. Ukiweza kuongeza kitu kimoja tu kwenye baiskeli yako, ongeza hicho. Usipoweza, zungushia utepe wa rangi kwenye nguzo pale inapoingia kwenye fremu, siti ikiwa kwenye kipimo chako cha kupandia, ushushe kwa mkono juu ya kilima, na ukifika chini uirudishe kwenye utepe bila kubahatisha.

Usukani na breki

Lala kifudifudi kama anayetaka kupiga pushapu, weka viganja pale unapojisikia na nguvu, upimwe kutoka ukingo wa nje wa kiganja kimoja mpaka mwingine. Huo ni upana wako wa kuanzia. Baiskeli mpya nyingi huja na milimita 780 au 800, upana ambao kwa mtu mdogo wa mwili unamnyoosha mikono tena, na kwenye vijia vya katikati ya migomba na uzio wa matete unamkwaruza vidole. Usikimbilie msumeno. Sogeza vishikio na breki ndani kwanza, panda wiki moja hivyohivyo, ndipo ukate, milimita tano kila upande kwa mara moja. Binamu yangu aliishia 730.

Kimo cha usukani hubadilishwa kwa pete zilizo chini ya shingo yake. Kila pete unayoihamishia juu ya shingo inaushusha usukani. Fundi wengi hukosea mpangilio wa kufunga: legeza kwanza bolti za pembeni za shingo, kaza ile ya juu polepole mpaka foku isicheze ukishika breki ya mbele na kusukuma, lakini usukani bado ugeuke wenyewe ukiinua gurudumu, ndipo ukaze za pembeni kwa zamu. Ni bolti ndogo. Nyingi hutaka nyutoni-mita 5 tu (kipimo cha nguvu ya kukaza), nguvu ya alenki fupi, ule ufunguo wa pembe sita, mkononi. Usiivike alenki bomba ili kuirefusha.

Vishikio vya breki vikae ambapo, ukisimama kwenye pedeli, mkono unanyooka kutoka kiwikoni mpaka kwenye kidole bila kifundo kuvunjika. Visogeze ndani ili kidole kimoja cha shahada kiguse ncha. Vidole vingine vitatu kazi yao ni kushika usukani. Na kabla hujapanda mtumba wowote, bonyeza ujue upi ni wa mbele. Zilizotoka Uingereza na Japani kwa kawaida breki ya mbele iko kulia. Zilizotoka nchi nyingi za bara la Ulaya na Marekani iko kushoto. Mtu aliyezoea upande mmoja akibana wa pili kwa nguvu mteremkoni, anaruka juu ya usukani.

Shokapu

Wengi huiacha hii mwisho. Mimi hurudi nayo nyuma na kupima tena mlalo wa siti nikishaimaliza, maana baiskeli ikizama nyuma kuliko mbele, pua ya siti inainuka.

Vaa kila kitu utakachopanda nacho, pamoja na begi la maji. Telezesha kile kipira chembamba kilichoko kwenye foku mpaka kigote chini, panda taratibu ukiegemea ukuta, simama kwenye pedeli, kisha shuka bila kudunda. Umbali ambao kipira kimesogea ndio kiasi ulichozamisha. Mbele tafuta asilimia 15 hadi 20: foku yenye mwendo wa milimita 120 izame kati ya 18 na 24. Nyuma, kama ipo, asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wa shokapu yenyewe. Kipira kikiwa kimekatika, funga uzi. Upepo ujazwe kwa pampu ya shokapu; ya matairi haifai, haiwezi kufika presha hiyo wala kuipima vizuri. Foku ya springi haina upepo, na kile kitufe cha kuzungusha juu yake husaidia kidogo tu. Mtu mzito anahitaji springi ngumu zaidi.

Kujaribu

Chagua kijia kimoja cha dakika kumi chenye kupanda, kona na mawe, ukirudie hichohicho. Badili kitu kimoja kila mzunguko. Ukibadili viwili, goti likipona hutajua limepona kwa lipi.

Na andika. Chini ya siti ya binamu yangu kuna kipande cha utepe wa karatasi, maandishi ya kalamu ya wino usiofutika: siti 68, usukani 730, foku 21. Wiki iliyofuata akanipigia simu kutoka Tengeru kusema siti anaitaka 67.5, goti la kushoto lilikuwa linamvuta kwa nyuma. Nikamwambia akate utepe mpya.